Miti ya Laetitia katika Shamba la Octave

Kasongo, 18 Februari 2024

Mdogo wangu mpendwa Evariste,

Pokea salamu zetu nyingi. Hamjambo huko Kalemie? Mgongo wa Régina unaendeleaje? Na wewe, tumbo limepungua au bado linatangulia kuingia mlangoni? Sisi tunapumua. Homa ilinishika baada ya Noeli, nikanywa dawa, ikaniacha.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu mtandao wetu ni wa kubahatisha, tena mambo haya sitaki kuyapigia kelele kwenye simu majirani wakisikia. Barua anakuletea Muhindo, yule muuza vitenge anayepitia Kabambare kwa pikipiki. Mpe maji ya kunywa, njia ni mbaya sana msimu huu.

Sasa habari yenyewe. Evariste, shamba hatuna tena.

Unakumbuka mwezi wa kumi Laetitia wako alikuja huku na wenzake wa chuo kikuu. Mimi nilikuwa Kabambare kwenye msiba wa mama mdogo Pascaline. Kazi yao ilikuwa nzuri, siwezi kusema uongo. Kila mwaka mvua inakokota udongo wa mteremko wetu na kuumwaga mtoni, na mpunga unazaa kidogo. Wanafunzi walitaka kusaidiana na wakulima kupanda miti ya kuushika udongo huo. Walilala darasani kwenye shule ya parokia, wakashika majembe pamoja na watu, mikono ikawatoka malengelenge. Wenye mashamba yao walipanda, na mpaka leo wanafurahi.

Lakini shamba letu ni la kuazima. Umekaa mjini miaka mingi, labda umesahau mambo ya kwetu. Baba yake Octave, mwenye ardhi, alitupa tulime nilipoolewa, na kila mavuno tunawapelekea mpunga na kuku. Shamba la namna hiyo unapanda mpunga, karanga, muhogo, kitu cha kuvuna ukaondoka. Mti hupandi. Ukipanda mti umesema udongo ni wako.

Laetitia angejuaje? Nilimlea tangu mama yake alipofariki, hajaanza kutembea, lakini ulimchukua akiwa wa kuanza shule. Pitchou ndiye aliyejua. Unamfahamu shemeji yako: mtu akimsalimu kwa Kifaransa anampa hata kiti anachokalia. Walipomuuliza kama wanaweza kupanda, akajibu ndiyo, tena akasimama kupigwa picha. Wakapanda parachichi, miti ya matunda ya safu, na akasia kuzunguka shamba lote. Kisha wakatembea mipakani na simu wakipima ukubwa wake.

Niliporudi kutoka msibani na kuiona ile miti, nilimtafuta mume wangu kabla ya kutua mzigo. Nilimuuliza Pitchou kama alimwambia Octave.

«Nilizani wanafunzi walimuambia,» akanijibu.

Octave alikuja Jumapili baada ya misa. Hakukaa. Alisema, «Pitchou, shamba nilikupatia ya kulima. Miti nani alikuambia upande? Na ule mutoto wenu wa université alikuwa anapima nini? Muko natafuta makaratasi juu ya udongo ya baba yangu?»

Unaona walivyoelewa. Kwamba sisi hatukujaliwa watoto, kwa hiyo tumemleta msichana aliyesoma ili aje achukue ardhi kwa njia ya serikali. Katekista alijaribu kuwaeleza, mimi nilipiga magoti mbele ya mama yake Octave, Pitchou alipeleka mbuzi. Mbuzi walimrudisha. Hapo nikajua mambo yamekwisha.

Walituambia tuing'oe miti wenyewe, ukoo wao wote ukiangalia. Tuliing'oa. Mvua ilikuwa imenyesha, ikatoka bila shida. Parachichi zilikuwa zimeanza kutoa majani mapya. Nililia, sikujificha, na sijui kama nililia kwa ajili ya shamba au kwa ajili ya mikono ya yule mtoto.

Baada ya hapo wametuacha tuvune mpunga, basi. Pitchou ameondoka kwenda Lusangi kuchimba dhahabu, kwa umri wake, na kifua kile. Mimi nalima vibarua kwenye mashamba ya watu.

Nyumba imebaki; kiwanja nacho ni chao, ila wametuhurumia. Lakini wameweka sharti moja: wasimwone Laetitia hapa tena. Siku akikanyaga hapa, na sisi tufunge mizigo.

Naye wiki iliyopita alinipigia simu akicheka, anasema mwezi wa sita wanarudi kuangalia miti, na yeye ataongeza wiki nzima alale kwangu. Akaomba nimtumie picha. Nilimwambia kamera ya simu yangu imeharibika.

Nisalimie sana Régina na watoto wote. Msalimie pia kaka Dady, mwambie asikae kimya hivyo, sisi bado ni ndugu zake. Mungu awafunike kwa mkono wake, awape riziki na usingizi mzuri.

Laetitia nitamtumia salamu siku nyingine. Leo nakuomba wewe, baba yake, umkataze kuja. Mwambie njia imekatika, mwambie kuna vita, mwambie lolote utakaloona, ila usimtajie miti, maana ataacha masomo kwa uchungu. Afadhali anione mimi mbaya. Usiniachie mimi kazi hiyo, Evariste. Nafsi yangu naijua: akinipigia akasema, «Shangazi, niko njiani,» nitamwambia njoo, na nitamtekea maji ya kuoga.

Anayekupenda, dada yako,
Emilienne