Namba Saba Anachechemea

Jumatatu, 8 Mei 2006
Namba Saba kachechemea tena. Alfajiri, akiamka. Goti la nyuma la kushoto, lile walilompandikiza gegedu — ile nyama ngumu ya kuzuia mifupa isisagane, wameikuza wenyewe maabara. Nimeandika mbili kwenye fomu. Sifuri ni mzima, tatu hakanyagi kabisa. Mbuzi wengine kumi na moja, sifuri. Alhamdulillahi!
Mama yumo kwenye orodha ya watu wa kwanza, Julai. Goti limemwisha, anaswali amekaa kwenye kigoda. Mbuzi wote wakipona, anapandikizwa. Mmoja akichechemea, watu wanasubiri.

Alhamisi, 11 Mei
Bwana Andrea, msimamizi, kaja na fomu mpya. Eti niandike sifuri, Daktari Felista kamwona jana Namba Saba anatembea kama bwana harusi. Nikamwambia mbuzi akiona mgeni hujikaza. Aje alfajiri, nikiwa peke yangu!
Akacheka. "Mama Rukia, na darasa la saba lako unamfundisha daktari?"
Nikasema ndiyo, namfundisha. Fomu yake sikuigusa.

Jumamosi, 13 Mei
Mama kasikia. Kanuna, hata uji hakunywa. "Unanifungia mlango, mwanangu? Kwa mguu wa mbuzi?"
Nikamkanda goti kwa mafuta ya nazi, yeye anatazama ukutani. Nikalia kidogo. Basi.
Lakini sibadilishi.

Jumapili, 14 Mei
Nimekwenda mwenyewe mtaa wa Shangani hapa Mtwara, nyumbani kwa daktari, Rukia mgongoni. Nikamwambia njoo alfajiri, jifiche stoo, koti jeupe acha nyumbani. Kanitazama weee! Kasema atakuja.
Bwana Andrea akijua ataniachisha kazi. Aniachishe!

Jumatatu, 15 Mei
Naandika nimo stoo, daftari kwenye paja. Daktari kachuchumaa kando yangu, pekupeku, jicho kwenye tundu la ubao. Na mama kaja! Kajikokota na fimbo yake, kanishika bega. Nje Bwana Andrea anafoka, nani kafungua stoo?
Mbuzi wengine wameshaamka. Namba Saba bado kalala. Amka vizuri, mjinga wewe! Amka vizuri nichekwe Mtwara nzima, mama apate goti lake. Nitaandika sifuri kwa mkono huu huu.
Ila nitaandika ninachokiona.
Kainua kiuno. Mkono wa mama unanibana. Sasa anaushusha mguu wa kushoto —