Mikono ya Kumbariki Fermín

Kitongoji cha La Loma,
Tlaxcala, Meksiko.
9 Oktoba 2023

Mpendwa kaka Eleuterio,

Pokea salamu zangu huko Chicago kwenye baridi. U mzima? Mgongo je, bado unakusumbua ukiinua masanduku? Wifi Obdulia na watoto hawajambo? Mimi magoti ni yale yale, na usingizi umenihama kabisa. Barua hii nimemkabidhi Doña Nieves anayekuja kumwona binti yake, kwa sababu kwenye simu hunijibu. Unasoma, naona umesoma, kisha kimya.

Mwanangu Fermín anafunga ndoa tarehe 28 mwezi huu, hapa kanisani kwetu. Anaoana na Ulises, yule mwokaji ambaye mikate yake huwa unaisifia kila Doña Nieves akikuletea. Ndiyo, ni huyo. Umekuwa ukimla jasho miaka yote.

Kanisa lenyewe ni karakana ya zamani ya matairi, na siku za joto bado linanuka mpira. Wengi wetu tulitoka parokiani tukahama na desturi zetu zote: maua, kwaya, matangazo ya ndoa. Wameshaoana wengi pale, wanaume kwa wanaume, wanawake kwa wanawake, na mke na mume vilevile, na kina mama wa jiko la kanisa hulia kwa kila harusi bila ubaguzi.

Hao kina mama ndio walioniletea balaa bila kujua. Walibandika tangazo mlangoni kama wanavyobandika la kila mtu: Fermín, mwana wa Rosendo Xicale na Hortensia Meneses. Hakuna aliyefikiria kuuliza, furaha iliwapofusha. Na Rosendo hupita mtaa ule kila siku na lori lake la madumu ya maji.

Unamjua shemeji yako. Si kwamba hakujua. Ulises amekula mezani kwetu, Rosendo mwenyewe akimwongezea mchuzi na kumwita "rafiki wa Fermín". Tuliishi hivyo. Siku alipolisoma tangazo aliingia nyumbani na kofia mkononi, akaniita Tencha kama siku zote, hata sauti hakupaza.

"Tencha, jina langu liko mlangoni."

"Ni jina la baba yake. Ulitaka waandike la nani, la padri?"

"Nilinyamaza miaka yote hii. Kule kunyamaza ndiko kulikuwa baraka yangu. Sasa mnataka nini tena?"

Alichukua nguo akaenda kwa dada yake. Maji bado anatuletea. Anashusha dumu mlangoni na kuondoka bila kubisha hodi.

Sasa sikiliza kilichonifanya nishike kalamu. Fermín amesema hatatoka nyumba hii kwenda kuoa bila kupiga magoti na kubarikiwa na wazazi, kama ulivyopiga wewe, kama nilivyopiga mimi. Mchungaji wetu Amparo alimbembeleza, akamwambia kanisa zima litambariki. Akamjibu, "Kanisa litanibariki nikifika, Mchungaji. Kwanza natoka kwetu." Baba yake asipokuja, hakuna harusi. Yeye na Ulises watapanda basi kwenda Tijuana, na hatarudi. Anayasema haya kwa upole, na upole huo ndio unaonitisha. Hata njiwa anaowafuga ameshampa jirani.

Nilizaa watatu, nikazika wawili. Nimebaki na huyu. Naogopa, Eleuterio. Nimesali hadi maneno yameniishia, sasa namwambia Mungu "unaona" tu, basi.

Baba asipokuwepo, baba wa ubatizo ndiye anayeweka mkono. Ni wewe. Ulimshika kwenye maji akakukojolea suti, ukacheka kuliko watu wote. Najua huna karatasi, na ukivuka mpaka hutaweza kurudi kwa wanao, kwa hiyo sikuombi uje. Mpigie Rosendo, maana ni wewe tu anayekusikiliza. Akikataa, nipigie mimi, umbariki mtoto kwa sauti yako. Na kama nawe unaona aibu, niambie waziwazi, nijue nimebaki peke yangu.

Jana Ulises alibaki jikoni akiosha vyombo. Kwao walimfukuza angali kijana, wala hawataji. Akaniuliza bila kugeuka, "Doña Tencha, siku hiyo na mimi naruhusiwa kupiga magoti?"

"Piga, mwanangu. Usipopiga nitakuangusha kwa mwiko."

Tulicheka, halafu tukalia wote wawili juu ya beseni la vyombo.

Nisalimie Obdulia, mpe pole ya kuishi na bubu. Wabusu Chayo na Heriberto, uwaambie shangazi yao anawaota. Mungu akulinde kazini na akulegeze moyo huo.

Jumamosi hiyo, saa nne asubuhi, nitaweka viti viwili sebuleni. Kwenye cha Rosendo, asipokuja, nitaweka simu. Vichwa vitakuwa viwili na mikono ninayo miwili. Kwa hao wawili itatosha, ikibidi. Ila mimi, kaka, nani atanishika nisianguke?

Dada yako akupendaye, anayekungoja,
Hortensia