Wimbo Ulioujua kwa Moyo

Masika, rafiki yangu,

Nakuandikia nimesimama, kukaa kumenishinda. Binti yako Kavira anaolewa leo huko Musienene, na ameniomba mimi nikae kanisani kwenye kiti cha mama wa bibi arusi. Kiti chako. Liputa, kitenge changu cha arusi, nimelipiga pasi tangu jana.

Lakini asubuhi nimetoa maji tumboni kama tulivyofundishwa hospitalini Butembo, vitanda vyetu vikitazamana: mlango umefungwa, barakoa mdomoni, mikono imeoshwa mpaka ngozi inauma. Yale maji yanayotusafishia damu kwa kuwa figo zetu zimechoka. Muuguzi alituambia tuuweke mfuko wa maji yaliyotoka juu ya maandishi. Ukisoma, uko salama. Usiposoma, vijidudu vimeingia, uje siku hiyohiyo na mfuko wenyewe.

Wewe ulitumia kitabu cha nyimbo, kila mara ukurasa uleule. Siku ya mavuno ya kanisa nilikukuta umeshika tumbo, na bado uliniimbia ubeti mzima, kidole juu ya mfuko.

"Unaogopaka bure, Kahindo! Mi naona maneno yote. Tutaenda kesho, leo bamama ba kanisa banangojea viazi yangu."

Hukuwa ukidanganya. Wimbo ule uliujua tangu utoto, ungeusoma hata kupitia ukuta. Kesho ilipofika, homa ilikuwa imekuzidi, na dawa hazikukuwahi. Nimekukasirikia, Masika. Mpaka leo kwaya ikiuanza wimbo ule, mimi hutoka nje.

Tangu uondoke, chumba chako kimejaa magunia ya maharagwe. Kavira alinipa kile kitabu, nikakiweka mbali na mifuko yangu. Mimi hutumia karatasi ya dawa, ile yenye Kifaransa kigumu nisichokielewa.

Leo herufi zimefifia. Nikasogea dirishani. Nikaigeuza karatasi. Nikasema labda ni mwanga, labda ni macho, mvua imeleta giza. Halafu nikaona mkono wangu unakwenda wenyewe kwenye rafu, kukifuata kitabu chako.

Nikaurudisha.

Nimempigia Kavira. Nikamwambia naenda hospitalini Butembo kwanza. Akalia.

"Lakini Mama Kahindo, ungojee tu ibada ikwishe!"

Sauti yako kabisa, hata ile haraka yako. Nilitaka kumwambia ndiyo. Nani hataki kumwona mtoto huyo akivalishwa pete? Nikamwambia hapana, na akakata simu bila kuniaga.

Sasa pikipiki iko nje, dereva anapiga honi, na njia yote ya Kalunguta ni matope. Mfuko uko kikapuni, nimeufunga kwa lile liputa la arusi maana sikuona kitambaa kingine. Mwili umeanza kupata joto. Naogopa, dada yangu. Wewe ndiwe ungenitania njiani mpaka Butembo.

Pumzika. Nakuahidi, wakinitibu nikapona, nitakwenda moja kwa moja kwa Kavira, nikae jikoni kwake, anigombeze mpaka achoke. Leo kiti chako kitabaki kitupu, na watu watasema. Waseme. Mtoto wetu amekwisha kumzika mama mmoja aliyengoja kesho.

Wako, naondoka,
Kahindo