Zamu ya Birika

Mjukuu wangu Mwanasha,

Shikamoo yako imefika Likoni, marahaba sana. Nyanyako bado anigombeza asubuhi na jioni, kwa hivyo jua afya yake ni njema.

Wasema huko Eldoret umeajiriwa fundi wa magari ya serikali, lakini kila siku wenzako wakutuma uwapikie chai, kwa kuwa mwanamke ni wewe peke yako, tena Mpwani. Waniuliza ufanyeje.

Miaka ya themanini nilikuwa dereva katika karakana ya serikali, Changamwe, na wallahi dereva kama mimi hajazaliwa tena. Akaletwa fundi mwanamke, wa kwanza, Mjaluo jina lake Atieno. Foromani, msimamizi wetu, akamkabidhi birika.

"Mama, chai."

Akapika, akatumiminia sote, Wapwani na wabara. Kisha akauliza, "Leo nimepika mimi. Kesho zamu ya nani?"

"Yako! Hiyo ni kazi ya wanawake," foromani akajibu.

"Nikishika birika kila siku, spana nitaishika lini?"

Nikasimama mimi, kifua mbele. "Kesho mimi! Mtakunywa tangawizi ya Likoni mpaka msahau kwenu!"

Wakacheka, lakini kesho kutwa yake akasimama mwengine. Atieno akaingia chini ya lori, na nilipostaafu, foromani alikuwa yeye. Mwanamke yule! Hata leo nampigia saluti.

Basi pika siku yako, kisha uliza kesho zamu ya nani, ungoje bila haya. Atakayesimama wa kwanza, huyo ndiye babu yako wa huko.

Ni mimi, babuyo wa huku,
Hamisi