Ukurasa Uliobaki kwenye Liseuse ya Jéthro

Butembo, Kimemi, tarehe 14 Novemba 2023

Mpendwa Tantine Germaine,

Nakusalimia kwa amani ya Bwana. Habari ya Namur na ile baridi yenu? Mugongo umepoa? Sisi huku tunaamka, maharagi yapo, Papa anakohoa kidogo tu.

Uliuliza ku simu kama ile liseuse, mashine ya kusomea vitabu, uliyomutumia kaka Jéthro ni kitu cha kudumu, ili ujue kama utanunua zingine kwa watoto wa shule ya Musienene. Unanijua, mbele ya watu kinywa changu kinajifunga, hata watu wakiwa ndani ya simu. Kwa kalamu ninaweza.

Nyumbani wamebishana sana. Mwalimu Kalala, mupangaji wetu kutoka Kasaï, anasema kitu cha kungoja courant ya umeme hapa kwetu ni sahani tu; kitabu cha karatasi, hata panya akikula jalada, kinasomeka. Papa anajibu kwamba siku tulikimbia Beni tuliacha sanduku nzima ya vitabu na mvua ikaimaliza, mais liseuse Mama aliifunga ndani ya kitenge, akapanda nayo pikipiki mpaka Butembo, na haikupasuka.

Mwalimu akamuuliza: « Haikupasuka, sawa. Inawaka? »

Haiwaki, Tantine. Batri ilikufa. Lakini kioo cha namna hii hakizimiki kama cha simu. Ukurasa wa mwisho unabaki pale, mweusi juu ya kijivu, kama umepigwa chapa. Ni ule Jéthro alikuwa anasoma asubuhi ile, mbele ya kwenda ku shamba la kakao, kule Beni, ambako watu wa silaha walimuchukua. Aliiacha juu ya kitanda. Mwaka umepita. Hatujaona mwili, hatujakaa matanga.

Mama ameiweka karibu na picha ya Bikira Maria. Kila jioni, kisha rozari, anaitazama kama ukurasa umegeuka. Hasemi, lakini najua, kwa sababu na mimi natazama. Siku moja niliona mustari unatembea. Ilikuwa mende. Nilicheka peke yangu, kisha sikuweza kukaa tena ndani ya ile chumba.

Kasonia, fundi wa simu, anasema ataweka batri mpya, mais ukurasa utafutika palepale, na pengine vitabu vyote pamoja. Papa anataka. Mama alikataa kabisa: « Munataka kumufungia Jéthro kitabu? Mutoto yangu hajamaliza bado kusoma. »

Donc Jumapili aliniita nimusomee ule ukurasa, mara ya kwanza. Ni Kifaransa; niliugeuza polepole katika Kiswahili. Mutu ametembea na mvua, amefika kwa mama yake. Mbwa hakubweka. Anasukuma mulango, na… ukurasa umeisha.

« Na alikuta nani? »

Nikasema sijui, Mama.

Aliipangusa na kitenge, mbele na nyuma, kama uso wa mutoto. Akanipa. « Peleka kwa Kasonia. Niko nataka kujua. »

Kesho naenda. Nimekuandikia ile mistari ku karatasi ya pembeni, kwa sababu ni wewe uliweka vitabu ndani. Kama Kasonia atavipoteza, tafuta hicho kitabu, utuandikie kilichofuata.

Kwa swali lako, wanunulie. Inadumu. Kwetu imedumu hata kupita vile tunaweza kubeba.

Papa, Mama na Mwalimu Kalala wanakusalimia. Umubusu mutoto wako Elikia, na umuambie namukumbuka. Mungu akulinde njiani na nyumbani, na kila anayekungojea akuone ukirudi.

Ni mimi mutoto wako mwenye kukupenda,
Kasika

N.B. Jibu lako ni mimi nitamusomea Mama. Kama nyuma ya mulango hapana mutu, andika tu kwamba hukukipata kile kitabu.