Samaki Uliyenipa Nikushikie

Shemeji Zakaria,

Miaka yote wewe ndiye uliyekuwa ukinipa shikamoo, kwa kuwa mimi ni kaka mkubwa wa mkeo, nami nikiipokea kama mtu anayepewa haki yake. Leo naanza mimi. Shikamoo, Zakaria. Hali yako siiulizi, maana huko uliko hakuna wa kuniletea jibu.

Mimi na kalamu unatujua. Nilisoma madarasa mawili tu pale misheni, ingawa mwandiko wangu uliwashinda waliosoma matano, na mwalimu mwenyewe alisema. Hayo umeyasikia mara nyingi. Barua hii nimeianza mara tatu, na mara mbili nimeichana, kwa kuwa kila nikianza najikuta nimejisifu ukurasa mzima kabla sijafika kwako. Ninalotaka kusema ni la yule samaki. Nivumilie, nalifikia.

Tangu tukuzike masika imepita. Ule mnazi mfupi uliopanda nyuma ya jikoni umetoa karara lake la kwanza la kugema, na dada yangu Mariamu amekataza mtu yeyote kuligusa. Anasema linangoja mkono wako. Nikamwambia mkono wa Zakaria hauji tena, akaendelea kupeta mchele. Bwana Miwani, yule Mzungu wetu, amekwisha rudi kwao Ulaya, sasa meli zinakwenda bila wasiwasi. Aliniachia koti na birika. Waliokuja badala yake wanakula vya mkebe, hawamjui mpishi wala mpishi hana haja nao.

Sasa la samaki.

Unakumbuka ilikuwa mwaka wa vita, meli hazina amani, Bwana akashindwa kwenda kwao kwa likizo. Akasema atakwenda bara kuvua trauti, wale samaki wa mito ya baridi, na akatuchukua sisi wawili, mimi mpishi na wewe mchukuzi wa mizigo. Garimoshi mpaka Nanyuki, kisha lori mpaka kule mtoni chini ya mlima. Lo, baridi ile. Mimi mtu wa Changamwe, niliyezaliwa na jasho, nilivaa mashati manne na koti juu, na bado meno yakagongana. Wewe ulikuwa na shati moja na blanketi, unazunguka hema ukitazama mlima kama mtu aliyefika kwao.

Siku ya tatu Bwana akateleza juu ya jiwe akateguka mguu. Alfajiri ya siku ya nne akatuita hemani, amelala, mguu juu ya sanduku. Akasema kwa Kiswahili chake, "Nenda nyinyi wawili. Karatasi ya ruhusa iko yangu. Leta moja tu, mimi kula asubuhi." Akatupa ule ufito wake wa kuvulia, mwembamba, unaopindika kama jani la mgomba, na kikopo chenye yale manyoya yaliyofungwa juu ya ndoana yafanane na nzi.

Tukashuka mtoni kabla jua halijapanda. Majani yalikuwa meupe kama yamenyunyiziwa chumvi, yakivunjika chini ya miguu. Maji meupe, unahesabu kokoto. Ukanyoosha mkono uchukue ufito, nami nikakwambia, nakumbuka neno kwa neno, "Nipishe. Wewe mtu wa minazi, utajua nini habari za samaki?"

Kweli ulikuwa mtu wa minazi. Kabla hujabatizwa na kuingia kazini ulikuwa mgema kule Rabai, na mkono wako ulijua kukata karara kwa unene wa karatasi, asubuhi na jioni, lisiumie, litoe tembo, pombe ya mnazi, mwezi mzima. Mimi nami nimevua samaki changu kwenye mikoko ya Changamwe tangu nina meno ya utoto. Basi nikajiona ndiye mwenyewe.

Samaki wa kwanza alipodonoa nikavuta kama tunavyovuta sisi, kwa bega, kama namng'oa changu chini ya mwamba. Uzi ukakatika. Nikasema uzi wa Kizungu mbovu. Wa pili vile vile. Ndoana ya tatu nikaitupa ikanasa juu ya mti ng'ambo. Ndipo nikaketi juu ya jiwe nikatoa hukumu kwamba mto huu umekwisha samaki.

Ukasema, "Labda."

Wakati wote ule ulikuwa umechuchumaa ukitazama maji. Ukaokota mdudu aliyekuwa akielea, ukamweka kwenye kiganja, ukamgeuza. Kikoponi ilibaki ndoana moja tu, manyoya yameliwa yote. Ukapanda kambini, ukarudi na unyoya wa shingo ya jogoo, yule jogoo wangu niliyemfunga kwa ajili ya supu. Nikakukaripia, jogoo wangu umemfanyaje. Ukacheka. Ukachomoa uzi kwenye pindo la shati lako, ukafunga unyoya juu ya ndoana kwa vidole vile vya mgema, na ulipomaliza hata mimi, Zakaria, hata mimi nilidhani ni mdudu.

Hukurusha mbali kama Bwana. Ulirusha karibu, kwa kifundo cha mkono, mara moja. Maji yakafunguka. Hukuvuta. Nikakupigia kelele, "Vuta, vuta, mjinga wewe," na wewe ukamwachia mshipi aende. Akaenda ukamfuata. Ukaingia majini na nguo zako, magoti, kiuno, kifua, ukimsemesha yule samaki kwa Kirabai kama unambembeleza mtoto alale. Ukaniita, "Shemeji, wavu." Wavu ulikuwa mkononi mwangu. Sikuingia. Nilitazama yale maji nikasema moyoni, hayo si maji ya mimi kuingia. Basi ukamleta mwenyewe mpaka ukingoni, ukamkumbatia kwa mikono miwili.

Ulikuwa unatetemeka kwa baridi hata maneno yanakatika. Ukanipa yule samaki. "Nishikie, shemeji, nikakamue nguo." Ukaingia nyuma ya kichaka.

Ndipo Bwana akaja anachechemea na fimbo, kamera shingoni, amesikia kelele zangu. Akamwona samaki, akasimama. Akauliza nani.

Nikasema, mimi, Bwana.

Sikupanga. Haki ya Mungu sikupanga, lilitoka lenyewe kama pumzi. Akanishika mkono, Mzungu yule, akautikisa, akaniambia nisimame vizuri anipige picha. Nawe ukatoka kichakani wakati ule ule. Ulisikia. Nilikuona umesikia. Nikangoja useme, nikawa nimeshaandaa la kukujibu. Ukatazama samaki, ukasema tu, "Ni mkubwa, kweli."

Kwenye garimoshi la kurudi, tukiwa tumepita Voi, ndipo ukafungua mdomo. "Ukiwasimulia, shemeji, usimsahau yule jogoo." Mimi nikajifanya nimesinzia.

Kilichofuata unakijua kuliko mimi. Kila mwaka Bwana akinichukua mimi kwenda mtoni, mvuvi wake, na wewe ukibaki Changamwe kubeba madebe. Kila nikirudi ulikuja kunisalimu na swali lile lile, "Mto uko vipi?" Ukitaka nikueleze maji yamefika wapi, lile jiwe bado lipo, wale wadudu bado wanatoka asubuhi. Nami nikikujibu kwa ufupi, kwa sababu tangu siku ile sikumshika samaki hata mmoja. Nikimwambia Bwana samaki wamekuwa wajanja. Uliupenda ule mto, Zakaria, nami niliufunga mlango wake kwa neno moja, na wewe ukawa unachungulia kwangu kama dirishani.

Hapa Magongo, mtaa wetu wa Changamwe, nilisimulia nyumbani na mkahawani mpaka watu wakajua mahali pa kucheka. Nilipoanza, samaki alikuwa na urefu wa kutoka kiwiko cha mkono wangu mpaka vidoleni. Mwaka jana alinifika kiunoni. Na wewe nilikuweka humo, usidhani nilikusahau. Ndani ya kisa changu wewe ni yule shemeji aliyeogopa mruko wa samaki akaanguka majini. Ulikuwa umeketi hapo hapo, kikombe cha chai mkononi, chini ya ile picha aliyonipa Bwana, ukutani kwangu, na walipocheka ulicheka nao.

Siku ya tatu ya matanga yako walinitaka niseme neno, mimi mkubwa wa upande wa mkeo. Nilisimama nikiwa na nia njema. Nikafungua mdomo, na kilichotoka ni kisa kile kile. Mimi na samaki wangu, wewe na maji. Wakacheka matangani kwako. Nikamwona Mariamu ameinuka na sinia ambalo halikuwa na kitu, ameingia jikoni.

Nikamfuata. Nikamuuliza, una nini? Akasema bila kunigeukia, "Kaka, mume wangu alinambia siku ile ile mliyorudi." Nikauliza, alikwambia nini? "Alinambia yote. Nikamwambia nenda kaseme. Akanambia, mwache kaka yako. Mimi nina wewe na wanangu. Yeye ana samaki yule tu."

Nilikasirika. Nisikufiche. Mimi, niliyepika meza ya mabwana kumi na wawili bila kitu kuungua, niambiwe nina samaki tu? Nikakaa wiki mbili bila kukanyaga kwa dada yangu. Nikitengeneza majibu. Nimezunguka nyumba yangu yote nikitafuta kitu kingine nilicho nacho nikuoneshe, nikaona koti la Bwana, na birika, na ukutani ile picha.

Kisha mvua ya masika ikapenya makuti ikaingia kwenye ile picha. Nikaiteremsha nikafungua fremu niikaushe.

Hili ndilo nililotaka kukwambia, na ndilo lililonifanya nichane karatasi. Fremu ile niliichongesha ndogo kwa makusudi. Nilimwambia seremala aifunike pembeni, kuna uchafu. Uchafu ule ulikuwa wewe. Umesimama pembeni, umeloa mpaka kifuani, maji yanakutiririka, na mimi katikati na samaki wako, suruali yangu kavu, viatu vyangu vikavu, hata tone. Ulikuwa hutazami kamera. Unamtazama samaki na unacheka, meno yote nje, kama hakuna aliyekufanyia lolote.

Nikaichukua mkononi nikaenda nayo mkahawani pale Magongo, mahali nilipokuwa nikisimulia. Nikawaambia, sikilizeni, samaki ni wa Zakaria. Wakanionea huruma. Mmoja akasema, "Mzee Yona, msiba umekuingia, unamtukuza shemejiyo." Nikasema, tazameni picha, mkavu nani na aliyeloa nani? Akaitazama, akanirudishia. "Si alianguka majini? Wewe mwenyewe ulituambia."

Nikaondoka na picha yangu, Zakaria. Niliujenga uongo wangu vizuri mno, hata ukweli nikiutoa mkononi unaingia humo humo na kupata pa kukaa.

Basi nikaenda kwa Mariamu. Nikaweka picha mezani, sikusema kitu, maana nilijua nikianza kusema nitaharibu. Aliichukua akaipeleka mlangoni penye mwanga. Alikaa nayo muda mrefu. Ndipo nikakumbuka jambo ambalo halikuwahi kunijia, mimi mjuzi wa kila kitu, kwamba wewe hukupigwa picha nyingine maisha yako yote. Siku ya mazishi wanao waliulizana nani ana sura ya baba, ikaonekana hakuna. Nami nilikuwa nayo ukutani, nyuma ya ubao.

Akasema, "Kumbe alicheka."

Sikupewa msamaha, na sikuuomba, unajua shingo yangu ilivyo ngumu. Lakini alinipa chai, na alipokaa alikaa upande wangu.

Picha ipo kwake sasa. Nyuma yake nimeandika kwa ule mwandiko uliosifiwa na mwalimu, polepole, herufi moja moja: Samaki huyu ni wa Zakaria, alimvua kwa unyoya wa jogoo. Aliyemshika ni mpishi.

Nakuaga, shemeji. Nimekushikia samaki wako muda mrefu kuliko ulivyoniomba, na leo nimemrudisha. Nakuahidi nitaendelea kusimulia pale mkahawani, na nitaanza na jogoo. Hawataniamini. Nitasimulia tena kesho yake. Kwa ukaidi wananijua, na watachoka wao kabla yangu. Na siku nitakayokuja huko, ukiniuliza mto uko vipi, nitaketi nikujibu yote, mpaka lile jiwe.

Ila supu ya siku ile nilipika mimi, na ulikunywa bakuli mbili. Hiyo uniachie.

Ni mimi kaka wa mkeo,
Yona