Orodha ya Viwanja vya Zuzu

Jumatatu, 3 Machi
Chai, mihuri, barua za masjala. Saa nne ikaingia barua pepe: "Orodha ya waliopata viwanja Zuzu." Sikuomba kiwanja. Nikaifungua hivyo hivyo. Ikataka nywila yangu, nikaiandika. Hakuna orodha. Nimeudhika.

Jumanne, 4 Machi
Kompyuta zote ofisini zimegoma. Majalada ya wastaafu hayafunguki. Mama mmoja katoka Kibaigwa kufuatilia mafao ya marehemu mumewe, karudishwa mikono mitupu. Kelvin, fundi wetu wa kompyuta, anasema kuna mtu kafungua barua ya wezi. Nilitikisa kichwa kwa masikitiko kama wenzangu. Mnafiki mimi.

Jumatano, 5 Machi
Lawama zimemwangukia Mzee Yohana wa masjala. Nywila yake ameibandika ukutani, kila mtu anaiona. Lakini barua pepe hata hajui kufungua, huwa namfungulia mimi. Nilimwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba kana kwamba mimi ni mtu mwema. Akatugawia karanga. Nilikula.

Alhamisi, 6 Machi
Kelvin ana nakala za majalada, atayarudisha. Mzee anaandikiwa onyo. Wa kulichapa ni mimi, kwa taipureta ya zamani. Nimekosea jina lake mara tatu. Sina raha.

Ijumaa, 7 Machi
Kikao. Mkuu wetu, Mama Agnes, alishika ile barua ya onyo. Nikasimama.
"Mama, ni mimi niliyefungua. Nilitaka kuona viwanja."
Salome wa uhasibu akainua mkono. "Na mimi. Ilikuja kwa jina lako, nikajua ni salama." Dereva naye. Kelvin akatazama viatu vyake. "Mimi nilikuwa nahakiki tu."
Tukahesabiwa. Tisa.
Mama Agnes akakohoa. "Kumi," alisema.
Ambaye hakufungua ni Mzee Yohana peke yake. Onyo limechanwa.

Jumatatu, 10 Machi
Majalada yamerudi. Yule mama wa Kibaigwa nimempigia mwenyewe. Sasa barua yoyote ya kutia shaka tunaulizana kwanza, Mama Agnes akiwemo.
Mchana nilikaa na Mzee Yohana, aweke nywila mpya, isiyobandikwa popote. Akaniomba nitazame dirishani. Nikageuka. Nyuma yangu alibonyeza herufi moja, akapumzika, akabonyeza nyingine. Wingu lilikuwa limetanda upande wa Miyuji. Sikugeuka mpaka aliposema tayari.